Ramani ya Koa: jinsi maziwa matatu yalivyochorwa kuwa bahari moja, 1855

Mwaka 1855 ilifika London ramani iliyotengenezwa Rabai, nyuma ya Mombasa. Ilichukua nchi yote kuanzia nyuzi 1 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 15 kusini, na kutoka longitudo 23 hadi 43 mashariki. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme iliitundika ukutani, na kila aliyeingia macho yake yalikwenda mahali pamoja: ziwa moja la urefu wa takriban maili 800 na upana wa maili 300, kichwa kipana kaskazini, mkia mwembamba ukishuka kusini mashariki. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, aliandika baadaye kwamba ziwa hilo lilimeza karibu nusu ya eneo lote lililochorwa, na kwamba watu walilitazama kwa kutoamini, wakacheka na kutikisa vichwa. Alilifananisha na koa, yule konokono asiye na nyumba, na jina likaganda.

Wachoraji walikuwa wamisionari wawili Wajerumani wa shirika la misheni la Kiingereza la CMS (Church Missionary Society), Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ziwa waliliita Bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi. Leo tunajua kwamba walikuwa wameyaunganisha maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa.

Ramani hii kwa kawaida hutajwa haraka, kama kichekesho kinachotangulia safari ya Mwingereza Richard Burton na Speke kwenda kutafuta maziwa ya bara. Inastahili kusomwa polepole. Ni mojawapo ya ramani chache za wakati huo ambazo tunaweza kufuata hatua zake zote, kutoka maneno ya wasafiri hadi mstari wa wino, na kuonyesha mahali hasa kosa lilipoingia. Na kosa halikuingia kwa wasafiri. Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi waliohojiwa walisema mambo yaliyo sahihi kwa kiwango cha kushangaza. Aliyepotosha ni mwenye kalamu, tena katika hatua moja tu.

Vitu vilivyokuwa mezani

Msingi wa ramani ulikuwa mzuri. Pwani nzima ilikuwa imepimwa na Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza kati ya 1822 na 1826. Kwa hiyo mahali pa Mombasa, Tanga, Pangani, Unguja na Kilwa palijulikana kwa kipimo cha chombo. Mwaka 1850 Erhardt mwenyewe alisafiri kwa chombo na Johann Ludwig Krapf kutoka Mombasa hadi Ras Delgado, kaskazini ya Msumbiji ya leo, wakiuliza kila bandari kuhusu njia za bara.

Ndani ya nchi wamisionari walikuwa na alama chache walizoziona kwa macho yao. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui. Walikuwa wamefika Uchaga, Ukambani na Usambara. Kupita hapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga.

Zaidi ya hapo walitegemea masimulizi, na masimulizi waliyonayo yalikuwa mengi. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa, mji ambao misafara ya pembe ilitoka na kurudi, na huko aliweza kuwauliza watu wakiwa wametoka bara hivi karibuni. Rebmann naye, akiwa Rabai, alifanya kazi kwa miaka na mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka upande wa Nyasa. Kwake alikusanya maneno ya kamusi ya Kiniassa, ambayo ilichapishwa baadaye sana, 1877. Mtu wa namna hiyo alijua nchi ya ng'ambo ya ziwa kama mzaliwa, jambo ambalo mfanyabiashara wa kupita hakuweza kulijua.

Kulikuwa pia na ramani za zamani, na hizi zina sehemu yake katika kosa. Ramani ya Afrika ya Mfaransa d'Anville, 1749, ilikuwa na ziwa refu jembamba liitwalo Maravi, ambalo mwisho wake wa kaskazini haukujulikana. Mwaka 1845 Mwingereza William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alichapisha uchambuzi mrefu kuhusu ziwa alilolitaja Nyassi. Alikusanya habari kutoka maandishi ya Kireno na kutoka kwa Khamis bin Uthman, Mswahili wa Unguja aliyekuwa amefika London. Cooley aliamini kwamba habari zote za maji makubwa ya bara zilihusu ziwa moja. Huyu ndiye mtu aliyekanusha pia theluji ya Kilimanjaro, akiwa mezani kwake. Kwa hiyo wazo la ziwa moja halikuzaliwa Rabai; lilikuwa limekwisha kuchapishwa katika jarida lenye heshima miaka 10 kabla.

Kutoka neno hadi mstari

Ramani ya masimulizi hutengenezwa hivi. Kwanza huchorwa pwani, kwa kuwa ndiyo pekee yenye latitudo na longitudo za kuaminika. Halafu huchukuliwa njia moja ya msafara, na msafiri huulizwa: mmeanza wapi, mmelala wapi usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, mmevuka mto gani, uso ukielekea wapi, jua liliwazamia upande gani, nchi hiyo ni ya nani, na jirani zake ni nani. Siku za safari hugeuzwa kuwa maili kwa kiwango fulani, maili hupunguzwa kwa sababu njia haiendi moja kwa moja, na njia huchorwa kutoka bandari kuelekea bara. Njia ya pili hufanyiwa hivyo hivyo. Zinapokutana, au zinapotaja mto au kabila lile lile, husogezwa hadi zikubaliane. Mwisho hujazwa nafasi iliyobaki, na hapo ndipo ramani nyingi hufa.

Erhardt na Rebmann walikuwa na makundi matatu ya njia. Ya kusini ilitoka Kilwa hadi Nyasa. Ya kati ilitoka mrima, mkabala na Unguja, ikapita Ugogo na Unyamwezi hadi Ujiji. Ya kaskazini ilitoka Tanga na Pangani kuelekea Umaasai na nchi zilizo nyuma yake. Kila moja, ukiifuata hadi mwisho, iliishia kwenye maji ambayo ng'ambo yake haionekani.

Maneno yenyewe hayakusaidia kutofautisha. Nyasa na nyanza, katika lugha za bara, ni majina ya kawaida ya maji makubwa, na msafiri wa pwani aliweza kusema bahari bila kudanganya.

Hesabu ya siku

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo palipo na utaalamu wa kazi hii na ndipo longitudo ilipopotea.

Chukua njia ya kati, ambayo tunaweza kuikagua. Burton na Speke waliingia Kazeh, eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Burton alikadiria kwamba wametembea maili 600 au zaidi. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kama kilomita 690, yaani maili 430. Maana yake, kati ya kila maili 10 za miguu, 7 tu ndizo zinazosogeza ramani mbele. 3 hupotea katika kona, vilima, kuzunguka pori lisilo na maji na kufuata vijiji vyenye chakula.

Sasa gawa kwa siku. Maili 600 kwa siku 134 ni maili 4.5 kwa siku. Ukipima kwa mstari ulionyooka inabaki maili 3.2. Msafara uliozoea njia ulipotembea kweli ulikwenda mbali zaidi ya hapo kwa siku, lakini siku nyingi haukutembea: ulisubiri hongo, yaani ushuru wa kupita, ikubaliwe, ulisubiri mtama, wapagazi walitoroka, watu waliugua ndui, mto ulifurika. Mchora ramani akiambiwa tu jumla ya siku, bila kuuliza ngapi zilikuwa za mwendo na ngapi za kukaa, hana njia ya kupata maili. Tuseme ameambiwa siku 134 na akaweka maili 6 kwa siku: Kazeh inahamia maili 804 kutoka pwani badala ya 430. Tofauti hiyo ya maili 374 ni zaidi ya nyuzi 5 za longitudo. Bara zima limesukumwa magharibi na hakuna aliyesema uongo.

Upande nao una mtego wake. Msafiri asiye na dira huonyesha magharibi kwa mahali jua linapozama. Karibu na ikweta, jua la mwishoni mwa Juni huzama nyuzi 23 na nusu kaskazini ya magharibi halisi, na la mwishoni mwa Desemba huzama nyuzi hizo hizo upande wa kusini. Kwa safari ya kilomita 690, kumfuata msafiri wa Juni kana kwamba ameonyesha magharibi halisi ni kuukosa mji kwa kama kilomita 280. Dawa yake ni rahisi: muulize aliondoka na kufika katika msimu gani, kabla au baada ya mvua. Mtu anakumbuka mvua kuliko anavyokumbuka tarehe.

Latitudo, ajabu, iliponea. Pwani inakwenda kaskazini na kusini, bandari zake zilipimwa vizuri, na njia za misafara kwa jumla zilielekea magharibi. Makosa ya siku yalivuta mahali kwenda mashariki au magharibi zaidi kuliko juu au chini. Ndiyo maana ziwa la wamisionari lilitoka karibu na ikweta hadi karibu nyuzi 14 kusini. Ufuo wa kaskazini wa Ziwa Viktoria uko kama nusu nyuzi kaskazini ya ikweta, na ncha ya kusini ya Nyasa iko kwenye nyuzi 14 na dakika 25. Koa alikuwa na urefu unaostahili! Wasafiri walikuwa wamewaambia wamisionari, kwa usahihi mkubwa, maji yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Walichokosa kuwaambia, kwa kuwa hawakuulizwa ipasavyo, ni kwamba katikati kuna nchi kavu.

Mahali palipounganishwa

Erhardt alieleza kwamba jibu liliwajia yeye na Rebmann kwa pamoja, katika mazungumzo, kama taa iliyowashwa ghafla: pale ambapo wanajiografia walidhani pana nchi ya milima mikubwa, pawekwe bonde kubwa na bahari ya bara. Habari zote zilizokuwa zikigongana zikakaa sawa mara moja.

Ukiifikiria, hoja yao ina nguvu. Watu kutoka bandari tofauti, wasiofahamiana, wote wanaishia majini. Ziwa moja linaeleza yote kwa dhana moja. Maziwa matatu yanahitaji dhana tatu. Tena Cooley alikwisha kusema ni moja. Lakini hoja hii inageuza ukimya kuwa ushahidi. Msafiri wa Kilwa hakusema maji yanaendelea hadi Ujiji. Msafiri wa Ujiji hakusema yanaendelea hadi Ukerewe. Kila mmoja alieleza ufuo aliosimama. Kati ya fuo hizo kulikuwa na nafasi isiyosemwa, na nafasi hiyo ikajazwa maji.

Nafasi yenyewe haikuwa ndogo. Kutoka ncha ya kusini ya Tanganyika hadi ncha ya kaskazini ya Nyasa kuna zaidi ya kilomita 300 za nchi ya juu. Kutoka Ujiji hadi Mwanza kuna zaidi ya kilomita 400. Na upana: Tanganyika kwa wastani ni kama kilomita 50 tu, Nyasa si zaidi ya 80 au hivi. Maziwa yote matatu kwa pamoja yana kama kilomita za mraba 131,000. Ziwa la maili 800 kwa 300, hata ukilikata nusu kwa ajili ya umbo lake, linazidi mara mbili ya hapo.

Kulikuwa na kengele ambayo ingeweza kusikika Rabai. Kutoka Kilwa hadi ufuo wa mashariki wa Nyasa ni kama kilomita 580 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Tanga hadi ufuo wa mashariki wa Viktoria ni kama 660. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama 1,040. Njia ya kati ni ndefu zaidi ya mara moja na nusu ya zile za pembeni, na tofauti ya namna hiyo lazima ijitokeze katika siku za safari, hata ukitumia kiwango kibaya, mradi utumie kiwango kimoja kwa zote. Ufuo mmoja wa mashariki unaopita katika nukta hizo tatu ungelazimika kuingia bara mamia ya kilomita kule Ujiji, kisha utoke tena. Ufuo wa umbo hilo si jambo lisilowezekana, ila ni wa kutiliwa shaka, na shaka ingetosha kuacha mstari wa nukta mahali pa mstari mzima.

Tusiwanyime haki yao. Kichwa cha ramani kilisema kinaonyesha mahali na ukubwa *unaodhaniwa* wa bahari hiyo, na kilitaja wazi kwamba habari zimetoka kwa wenyeji wa makabila ya bara na wafanyabiashara Waislamu. Hiyo ni adabu ambayo wachoraji wengi wa Ulaya hawakuwa nayo. Tatizo ni kwamba neno "unaodhaniwa" liko kwenye kichwa, na ziwa liko katikati ya karatasi. Ramani ilipotoka katika jarida la misheni la Calw mwaka 1855, na 1856 katika jarida la August Petermann lililochapishwa Gotha na kampuni ya Justus Perthes, wasomaji walibeba picha wakaacha kichwa.

Hata hivyo ilifanya kazi ambayo ramani ya tahadhari isingefanya. Jumuiya ya London ilipata sababu ya kutuma watu, na serikali ya Uingereza ikatoa pauni 1,000. Maagizo aliyopewa Burton yalimtaka aingie kutoka Kilwa au mahali pengine pa pwani, alifikie ziwa la Nyassa, na abainishe mahali lilipo na mipaka yake.

Swali moja Kazeh

Burton na Speke hawakupitia Kilwa. Konsuli wa Uingereza Unguja, Hamerton, aliwaonya kuhusu hatari za huko, wakashika njia ya kati. Uamuzi huo wa usalama ulikuwa na matokeo makubwa kwa ramani: kama wangepitia Kilwa, wangefika Nyasa, wangekuta ziwa refu, na pengine wangeamini wameigusa Bahari ya Uniamesi.

Badala yake walifika Kazeh, mahali ambapo njia za kaskazini, magharibi na kusini zinakutana. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa kabila la Harithi, mtu aliyeijua nchi kwa biashara ya miaka mingi. Speke alimfunulia ramani ya wamisionari akamuuliza Nyassa iko wapi. Snay akajibu kwamba hilo ni ziwa lingine, mbali na la Ujiji, liko kusini. Akaulizwa Ukerewe ni nini. Akasema ni ziwa la kaskazini, kubwa kuliko la Ujiji. Speke akaandika kwamba fumbo limefumbuliwa: wamisionari wameyaunganisha maziwa matatu.

Angalia kilichobadilika. Chombo hakikutumika, sekstanti, kipimo cha pembe za jua na nyota, haikutolewa mkobani. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia na namna ya swali. Pwani kila mtu anaijua njia yake, kutoka bandari hadi maji na kurudi. Kazeh ni kitovu. Mtu aliyekaa hapo anajua njia za *kukatiza*, kutoka ziwa moja hadi jingine. Na swali "hili na lile ni moja?" linapata jibu ambalo "ziwa ni kubwa kiasi gani?" haliwezi kulipata kamwe.

Watu wa kukatiza walipatikana pwani pia. Wapagazi Wanyamwezi walishuka kila mwaka kwa maelfu, na wengi wao walikuwa wamekwenda Ujiji msimu mmoja na kaskazini msimu mwingine. Kumuuliza mmoja wao alilala kambi ngapi kati ya Unyanyembe, nchi ya Kazeh, na maji ya kaskazini, na kama alivuka maji yoyote njiani, kungetosha kumchana koa vipande viwili. Kwa mkia wa kusini, mtu wa ng'ambo ya Nyasa angeulizwa nani anakaa kaskazini ya mwisho wa ziwa. Jina la kabila lolote hapo ni nchi kavu.

Burton alifika Tanganyika tarehe 13 Februari 1858. Speke, akiwa peke yake, aliona maji ya kusini ya Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, mwishoni mwa Julai na kufika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Septemba 1859 David Livingstone alifika Nyasa kutoka kusini, kwa mto Shire. Chini ya miaka 5 tangu ramani ichorwe, koa alikuwa amekatwa vipande vitatu.

Vyombo navyo hukosea

Ingekuwa rahisi kusema kwamba vipimo vilishinda masimulizi. Havikushinda vyote. Kronomita za Burton ziliharibika njiani, na bila saa sahihi longitudo inategemea kupima umbali wa mwezi na nyota, kazi ngumu kwa mtu mwenye homa na macho yanayouma, kama Speke alivyokuwa.

Kimo cha Tanganyika kilipimwa kwa kuchemsha maji. Usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 212 za Fahrenheit, na kila unapopanda futi 500 hadi 550 hupungua takriban nyuzi 1. Vipimajoto vizuri vilipokwisha kuvunjika kilibaki kile cha kawaida, na jibu likatoka futi 1,844. Kimo chake halisi ni kama mita 773, yaani futi 2,536. Kosa la karibu futi 700 ni kosa la nyuzi 1 na robo tu kwenye kioo, kiasi ambacho kipimajoto cha bei rahisi hukosea bila mtu kujua. Lakini futi hizo 700 ziliingia katika mabishano makali ya chanzo cha Nile, kwa kuwa kimo cha ziwa ndicho kinachosema maji yake yanaweza kutiririkia wapi.

Kuhusu mto Rusizi, masimulizi na macho yalibadilishana zamu. Ujiji waliambiwa unatoka ziwani kwenda kaskazini. Walipofika Uvira Aprili 1858, watu wanaoishi karibu na mto wakawaambia unaingia ziwani. Walio karibu walikuwa sahihi. Na Speke, kwa kalamu yake mwenyewe, aliweka kaskazini ya Tanganyika safu ya milima yenye umbo la mwezi mwandamo akaiita Milima ya Mwezi, jina la tangu enzi ya Ptolemy, mwanajiografia wa kale. Mtu aliyemcheka koa alijaza nafasi tupu kwa namna ile ile.

Kosa la upande wa pili

Sehemu hii ya kisa haisimuliwi sana, na tunaona ndiyo yenye mafunzo mengi kwa anayefanya kazi na ramani za zamani. Baada ya koa kukatwa, wataalamu waliogopa kuunganisha, wakaanza kukata hata kisichopaswa kukatwa. Mwaka 1864 Burton, akiwa tayari adui wa nadharia ya Speke kwamba Nile hutoka Nyanza, alidai kwamba Nyanza haikuthibitishwa kuwa ziwa moja. Huenda ni kundi la maziwa. Speke alikuwa ameona ufuo wa kusini na sehemu za magharibi na kaskazini tu, na mahali maji yanapotoka, maporomoko ya Ripon, tarehe 28 Julai 1862. Katikati palikuwa dhana, na kwa hoja iliyomwangusha Erhardt, dhana ya Speke nayo ilitiliwa shaka. Livingstone naye, kwa habari alizozikusanya kwa wafanyabiashara, alielekea kuamini kwamba maziwa ni kadhaa. Safari hii kinyume chake ndicho kilichokuwa kweli: maji yalikuwa mamoja.

Katikati ya mabishano hayo Thomas Wakefield, mmisionari karibu na Mombasa, alifanya kazi ya masimulizi kama inavyotakiwa kufanywa. Mwaka 1870 jarida la Jumuiya ya London lilichapisha njia za misafara alizozipata hasa kwa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa karibu na Gazi katika Udigo, ambaye alikuwa ametembea njia hizo. Zimeandikwa kambi kwa kambi, siku kwa siku: wapi pana maji, wapi pana pori, wapi pana watu na ni watu gani. Msomaji anaona siku za mwendo mbali na siku za kukaa. Akitaka kubadilisha kiwango cha maili anaweza, bila kuharibu ushahidi. Na jina la msimulizi limewekwa juu ya kazi, jambo ambalo Erhardt na Rebmann hawakufanya. Kwao wasimulizi ni kundi lisilo na majina, na kwa sababu hiyo leo hatuwezi kujua nani alisema nini kuhusu ufuo gani.

Anayeshika nakala ya ramani ya 1855 au 1856 na atazame kwanza pwani, halafu afuate kila njia kwa kidole kutoka bandari hadi majini, bila kutazama ziwa. Njia zinasomeka. Majina mengi ya makabila yako katika mpangilio unaotambulika, jirani kwa jirani, hata pale longitudo ilipokwenda kombo. Halafu afunike maji yote kwa karatasi nyeupe isipokuwa mwisho wa kila njia. Kinachobaki ni ramani nzuri ya biashara ya Waswahili na Wanyamwezi katikati ya karne ya 19, na ndiyo ramani ambayo wasimulizi waliitoa.

Suala la ziwa moja au mengi lilimalizwa kwa boti. Henry Morton Stanley alibebesha wapagazi kutoka pwani chombo kiitwacho Lady Alice, urefu futi 40, kilichokatwa vipande 5 ili kichukuliwe mabegani. Machi 1875 akakishusha katika ufuo wa kusini wa Nyanza, akazunguka ufuo ukiwa upande mmoja wa boti, na mwanzoni mwa Mei akarudi pale alipoanzia bila kuvuka nchi kavu. Mwaka uliofuata akaizunguka Tanganyika kwa chombo hicho hicho, na hakukuta njia ya maji kutoka hapo kwenda ziwa jingine lolote kati ya yale mawili.